Gari la Tabu

Shemeji yangu Mshamu, huko Dar es Salaam kwenye kazi ya reli,

Salamu zikufikie. Maneno ni yangu, mkono ni wa Mwalimu Bashiru. Mama anakula kidogo. Mpunga umeliwa na nguruwe, maana hakuna wa kuulinda.

Unalikumbuka gari la moshi la bati ambalo kaka yako Mfaume alimtengenezea mwanetu Tabu? Ulipokuja ulilicheka, ukasema linang'aa mno, halifanani na magari ya kweli ya huko kazini kwako. Neno lile lilimkaa Mfaume rohoni. Akalipaka masizi ya chungu, kisha akalilowesha kwenye mtungi wa maji ya chumvi ili lishike kutu.

Ijumaa askari wa Mdachi waliingia kijijini wakisaka dawa ya vita. Wakaona maji mekundu mtungini.

"Haya ndiyo maji yenu ya kuzuia risasi?"

"Kutu hiyo, bwana. Ni gari la mtoto," akasema Mfaume, akatia mkono alitoe.

Wakammwagia mtungi wote kichwani. Mkubwa wao akasema, "Haya, tuone." Wakampiga risasi palepale mlangoni petu, gari mkononi, Tabu akitazama.

Kaka yako nimemuosha, tumemzika. Gari sikuliosha. Damu imekauka kwenye magurudumu, na sasa haijulikani ipi damu, ipi kutu.

Njoo ulitazame, shemeji, uniambie kama sasa linafanana.

Ni mimi, Mwamvua, mke wa marehemu.