Siku Waliyonipitia Kazini

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro,
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Huku sote wazima. Mama kikohozi kimemwachia, ila maneno ndiyo hayajamwachia, na kila siku anakutaja.

Mimi mwili mzima, lakini uso sina pa kuuweka. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyenipeleka kwenye kikundi chetu cha maigizo ulipokuwa huku.

Unaikumbuka ile desturi yetu ya kupitiana. Siku ya onyesho watu wanavaa kabisa mavazi ya jukwaani, wanapiga ngoma mtaani, wanamchukua kila mmoja kazini kwake asije akaingiwa na woga akatoroka. Basi Ijumaa wakanipitia. Si unajua nimehamia ofisi ya mawakili, pale mapokezi? Sakafu inang'aa mpaka unaona soksi zako. Mbele alikuwa fundi cherehani, yule anayeigiza mama yangu, kajifunga mito tumboni. Nyuma yake kinyozi na ndevu zake za katani, anapiga ngoma kama ana ugomvi nayo.

Mara bosi akatoka na wateja wawili wenye tai. Akaniuliza kama nawafahamu watu hawa. Dada, nikazitazama zile tai. Nikasema, "Hapana, mzee. Wamekosea mlango."

Fundi akanitazama kidogo tu. Halafu akamwinamia bosi. "Kweli, tumekosea mlango. Tusamehe." Akawageuza wenzake, na ngoma haikulia tena mpaka walipofika barabarani.

Jioni nilikwenda ukumbini nikiwa tayari kutukanwa. Wapi! Walinisogezea kiti, wakanimiminia chai. Fundi akaanza kunipaka poda, akaniambia nisijali, mwenzetu akisahau maneno sisi tunamdaka, ndivyo tulivyozoeana.

Nikamwambia, "Mama, sikusahau."

"Najua," alisema. "Inua kidevu."

Onyesho lilifana, watu walicheka mbavu zikawauma. Mimi nilikuwa pale jukwaani kama mwizi aliyealikwa harusini.

Leo asubuhi tumekaa kupanga onyesho la mwezi ujao. Kinyozi akataja njia watakayopita: gereji, shule ya chekechea, saluni yake, wamalizie kwa fundi. Kwangu hawapiti. Wamesema, tena kwa upole kabisa, kwamba nitawakuta ukumbini, wasije wakaniharibia kazi. Nilitaka kuwaambia wapite. Nikaona haya hata kuomba, nikaitikia kwa kichwa tu.

Nisalimie shemeji, wale wapwa wangu mapacha, na mama mkwe wako. Mungu awape riziki isiyo na maneno na usingizi usio na mawazo. Mimi huo wa kwangu umepotea tangu Ijumaa.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba