Vyumba Ulivyowaahidi Wageni

Nyanya wangu mpenzi,

Kwanza nakuomba haya niandikayo yabaki kwako. Usimwambie hata huyo aliyelazwa kando yako, maana nakujua: jambo ukiambiwa asubuhi, adhuhuri lishafika jikoni kwa jirani. Haya yakitoka, kazi sina.

Shikamoo, Nyanya.

Wakumbuka harusi za nyumbani kwetu, pale Shella? Kila aliyepiga simu ulimwambia aje, chumba cha juu ni chake. Siku moja, nikiwa nimekaa miguuni pako nachambua mchele, nilikuuliza chumba kimoja utawapa watu wangapi. Ukacheka mpaka mtandio ukakuanguka. "Waambie waje, mamangu. Hawaji wote siku moja." Na kweli hawakuja wote. Huyu aliuguliwa, yule alikosa ruhusa kazini, mwingine alifika, akala pilau, akarudi zake Mambrui jioni ile ile. Hakuna aliyeondoka akisema amenyimwa nafasi nyumbani kwako, na mimi nilidhani huo ndio ukarimu wenyewe.

Kazi yangu hukuwahi kuielewa. Ulikuwa ukiwaambia watu kwamba mjukuu wako anatunza friji za hospitali. Ni kweli chumba kina baridi. Ndani mna mtambo mmoja mkubwa wenye diski nyingi, na kila idara huweka humo mambo yake: picha za eksirei, majibu ya maabara, habari za wodi ya uzazi. Idara ikitaka nafasi, mimi ndiye ninayeikatia fungu, nikaandika ukubwa wake, nikaliunganisha na kompyuta zao. Nao mtambo una tabia yako, Nyanya. Unakubali niandike ukubwa usiokuwepo. Idara inaona nafasi tele, lakini nafasi ya kweli kwenye diski hutolewa kidogo kidogo, kadiri wanavyojaza. Si vibaya, hata chuoni tulifundishwa hivyo. Tuliambiwa tu tusiahidi kupita kiasi.

Kwetu kupita kiasi kulianza na heshima. Wakuu wa idara ni watu wa rika la mama. Hawatumi maombi kwa kompyuta. Huja wenyewe, hukaa, huniulizia hali ya nyumbani, mmoja huniletea halua, kisha husema, niongezee kidogo, mwanangu. Nilimwuliza mkuu wangu, Bwana Fadhili, nitamkataliaje mtu ambaye sasa hivi nimemwamkia shikamoo. Akasema niandike tu, ni tarakimu kwenye kioo cha kompyuta. Nikaandika.

Sasa hospitali imeamua mafaili yote ya zamani yapigwe picha na kuingizwa kwenye mtambo, idara zote kwa pamoja. Kila asubuhi nikifungua kompyuta naona nafasi ya kweli imesinyaa zaidi. Ikiisha, hakuna fungu litakalopokea kitu tena, hata la idara iliyojaza kidogo sana. Mgonjwa atapigwa picha, na picha isipate pa kukaa. Nilimweleza Bwana Fadhili. Diski mpya, alisema, zaja kutoka Nairobi, zangoja sahihi, na akanikataza kuzitia idara hofu. Nikasema huenda zikachelewa. Akanitazama kwa huruma. "Acha wasiwasi, binti. Hawajazi wote siku moja."

Maneno yako, Nyanya, kinywani mwake.

Maana siku moja walikuja wote. Wewe hukuiona, kwa kuwa yalikuwa matanga yako. Walikuja wa Mambrui, wa Magarini, wa Lamu, kila mmoja na mfuko wake, kila mmoja akiniuliza kiko wapi chumba cha juu. Nilisimama ngazini na mkeka mmoja mkononi. Wengi walichukuliwa na majirani, wakatandikiwa huko. Lakini Bi Mwanaisha, shoga yako wa utotoni, aliketi kwenye ngazi, furushi lake magotini, akasema polepole, "Aliniahidi mimi."

Na mtambo hauna majirani.

Jana alinipitia Dada Kadzo wa chumba cha eksirei. Amewaita akina mama wa vijiji vya ndani huko Magarini walete watoto wao wiki ijayo, wapigwe picha za kifua. Wengine watatoka mbali, mtoto mgongoni. Akauliza, "Nafasi yangu ipo, sivyo?"

Nikatazama kioo. Kwenye kioo ilikuwepo, tele.

"Ipo, dada."

Akanishukuru, Nyanya. Akanishika bega na kunishukuru.

Sikukasirikii. Nataka tu kujua: ulipokuwa ukicheka vile, hakukuwa na siku hata moja ulipovipitia vyumba vyako peke yako, ukaogopa?

Ukitaka kunijia, usiende Shella. Nyumba imepangishwa, na waliomo hawakujui. Njoo hospitalini kwa lango la nyuma, ufuate ukumbi mpaka mwisho, kwenye mlango wa chuma wa rangi ya kijivu. Bisha kwa nguvu, maana mafeni yana kelele. Vaa mtandio wako mzito, mna baridi humo. Kuna viti viwili tu, na kimoja ni chako. Hicho sijamwahidi mtu mwingine.

Mjukuu wako,
mchambua mchele