Kisanduku cha Hapana

Jumatatu, 10 Juni

Fomu ya kuomba kumlea Chiriku imerudi! Afisa wa ustawi wa jamii kaniandikia kwamba kwake visanduku vyote ni vitupu – hakuna jina, hakuna umri, hakuna chochote. Kwangu imejaa pomoni. Nimeifungua mara nne kuhakikisha. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi jioni. Ikipita hapo bila ombi langu, Chiriku atapelekwa kwa baba yake mkubwa, mtu aliyemwona mara mbili tu, na mara ya pili ilikuwa msibani kwa dada yangu, mama yake.

Yeye hajui lolote. Jioni nzima kanisimulia habari za paka wa jirani.

Jumanne, 11 Juni

Nimemuuliza yule fundi anayetutengenezea kompyuta hapa kliniki ya meno. Kasema ni kawaida. Ukijaza fomu kwenye kompyuta, majibu yanakuwa kama yameegeshwa tu juu ya karatasi. Kompyuta nyingine inayaona, nyingine haiyaoni. Dawa yake ni kuigandisha fomu. Majibu yanashikana na karatasi, yanaonekana kila mahali, na hayabadiliki tena. Akasema nimtumie, ni kazi ya dakika mbili.

Nimtumie! Na swali la tisa je? “Mwombaji ana ugonjwa unaoweza kumpotezea fahamu?” Nina kifafa. Hapa kazini hajui mtu. Nakaa mapokezi, mara nyingine nashika trei za vifaa daktari aking'oa meno – akijua, nitabaki? Na fundi ni shemeji yake nesi, na nesi mdomo wake hauna breki. Nimemshukuru, nikasema nitahangaika mwenyewe.

Nimepita duka la kuchapisha pia. Dada wa pale anapakia faili za watu kwenye tovuti ambazo hata yeye hajui ni za nani. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na hati ya talaka ya mtu, wazi kabisa. Nimegeuka, nikatoka.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata ukurasa unaosema kazi yote inafanyika humo humo ndani ya brauza ya kompyuta yako, faili haiendi popote. Maneno hayo kila mtu anaweza kuyaandika. Kwa hiyo saa ya chakula nimeujaribu kwa fomu tupu ya wagonjwa wa meno. Nimeandika jina la uongo, nimefungua ukurasa, halafu nimezima intaneti. Nikachagua faili. Nikabonyeza. Imeganda! Bila intaneti! Nimecheka peke yangu mpaka nesi akachungulia kuuliza kuna nini. Nimemwambia ni video ya mtoto.

Lakini swali la tisa. Jumapili nilikuwa nimeweka Hapana. Nikalala vibaya, nikafungua tena, nikaweka Ndiyo, na chini yake nikaeleza: natumia dawa, mara ya mwisho kuanguka ni Februari. Siku ile Chiriku ndiye aliyenilaza ubavu na kuniwekea kanga chini ya kichwa. Ana miaka tisa. Heri wajue kutoka kwangu.

Alhamisi, 13 Juni

Asubuhi, kabla ya kazi. Nimezima intaneti, nimegandisha, nimewasha, nimetuma. Saa nne jibu likaja: imepokelewa, imekamilika, imepigwa muhuri. Nilitaka kumkumbatia daktari na koleo lake mkononi!

Mchana nikaifungua niitazame. Swali la tisa – Hapana.

Mungu wangu. Kwenye kompyuta kuna “fomu mwisho” na “fomu mwisho kabisa”. Nimegandisha ile ya kwanza. Nabonyeza kisanduku, nabonyeza, hakishtuki. Ni kama picha sasa. Nimeilinda siri yangu kwa kila mtu mpaka nimemficha hata afisa, yule mmoja niliyetaka aijue.

Ijumaa, 14 Juni

Nimegandisha ile ya Ndiyo. Nimeichapa pia, kwa mashine ya hapa, nimesimama mbele yake kama mlinzi. Barua ya kuomba radhi nimeiandika mara sita, nimeifuta mara sita. Watasema kwa nini alidanganya kwanza? Anadanganya nini kingine?

Saa kumi imepita. Sijatuma.

Jumanne, 18 Juni

Afisa kapiga simu. Anakuja kesho saa tisa, na ataongea na mtoto peke yake.

Nimemwambia Chiriku asiseme habari za kuanguka kwangu. Kaniangalia. “Kwani mama mdogo, nilikosea kukulaza ubavu?”

Nikaenda kufua mashuka ambayo yalikuwa safi.

Jumatano, 19 Juni

Wako sebuleni. Nimeambiwa nisubiri chumbani, nimechukua daftari niandike. Afisa ni mama wa makamo, mpole, miwani yake inaning'inia kwa kamba. Kaisifu fomu yangu – safi kuliko zote alizopokea. Nikasema asante. Asante!

Mlango ni mwembamba, nasikia yote. Chiriku kaanza na shule, kaja kwa rafiki yake, sasa ni paka wa jirani na watoto wake wanne, mmoja mmoja. Afisa anacheka.

“Na mama mdogo? Huwa anaumwa?”

Kimya.

Afisa anarudia, taratibu. Mtoto huyu haachi kuongea hata chakula kikiwa mdomoni. Sijawahi kumsikia akinyamaza hivi. Anatafuta uongo wa kunisaidia na hajui pa kuupata, nami ndiye niliyemtuma.

Fomu ya Ndiyo iko hapa chini ya daftari. Nimeitoa nimpe afisa. Nimesimama. Chiriku ameanza kulia, na mimi bado naandika, mkono mmoja kwenye kitasa –