Mashuka Yenye Mikunjo ya Dukani

Baba Nyamizi,

Chai iko kwenye chupa, viazi nimevifunika. Nimewahi gengeni Mkuyuni. Nyamizi bado amelala, usimwamshe, na ~~usimruhusu kurudi chuoni mpaka nije tumhoji~~. Hayo nimeyafuta. Sababu ni hii.

Jana alisema ameleta mashuka yafuliwe. Asubuhi hii nimefungua begi lake. Mtoto ana miezi miwili chuoni huko Nyegezi, na mashuka tuliyomnunulia mapya, si ya mitumba, bado yana mikunjo ya dukani. Sasa analala wapi, na kwa nani? Ulipomuuliza habari za chuo alijibu "nzuri tu" mara tatu, macho kwenye sahani. Nikajua tumekwisha. Nikapekua begi zima nikitafuta barua ya mwanaume. Ndiyo, nimepekua, na wewe ungepekua.

Chini kabisa nikakuta kanga yangu ya zambarau. Ile ile iliyopotea nikamwita dada yako Minza mwizi. Haijafuliwa tangu Nyamizi aondoke nayo, na pindo moja limechakaa kwa kushikwa, kama alivyolishika enzi nikimbeba mgongoni. Anajifunika hiyo. Nimeinusa. Harufu yangu imeisha, imebaki yake.

Kwa hiyo usimuulize kitu. Minza nitamwomba radhi mwenyewe, usinitangulie.

Kitandani nimeacha kanga niliyolala nayo. Itie ndani ya begi lake, chini kabisa, kabla hajaamka. Usiifue.

Mama Nyamizi