Uso Wako Siku Nilipokuletea Matokeo

Mpendwa yaya Neema, dada yangu mkubwa,

Leo nimepata jibu la swali ambalo sikumuuliza mtu yeyote tangu tukuzike: kwa nini hukutabasamu siku nilipokuletea matokeo ya darasa la saba.

Naogopa kusahau jinsi ulivyocheka. Katika korali ya kanisa nilisimama nyuma yako, na nikikosea sauti uligeuka ukaninong'oneza, "Weye uimbe na roho tu, sauti utuachie siye." Kisha ulicheka hadi mabega yakatikisika, na mchungaji akatukazia macho sote wawili. Uliacha shule ili mimi niendelee, ukalima maharage na Mama, na sikuwahi kukusikia ukilalamika.

Kuhara kulipopita kijijini kwetu, hapa Nakivale tulikokimbilia Uganda, nawe ulihara, ukapona, ukarudi shambani. Baadaye ukaanza kusema, "Minasikia siafu mu miguu." Tukaangalia, hakukuwa na kitu. Jumapili ukashindwa kuinuka kwenye benchi, na wanakorali walidhani unawatania. Majirani wakasema ni karuho, ile sumu ambayo watu wetu wa Kivu ya Kusini huiogopa kuliko risasi. Mama akakupikia majani machungu ili uitapike. Ulitapika hadi ukakosa nguvu ya kushika kikombe. Hapo ndipo ulipopelekwa hospitali ya Mbarara.

Daktari alikugonga magoti kwa nyundo ndogo, miguu haikuruka. Akamweleza Mama kwamba mwili una askari wake. Wako walikuwa wamemaliza kupigana na vijidudu vya kuhara, lakini hawakuweka silaha chini. Waligeukia mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri kwenye misuli. Ni ugonjwa wa watu wachache sana, na wengi wao hupona polepole, ila ukifika kifuani kupumua huwa shida. Mama akasema, "Ile ya askari kugeukia watu wao tunaijua, dokta. Njo ile tulikimbia."

Nilipokuja kukuona, mashine ilikuwa ikikusaidia kupumua. Nilikuinamia nikasema, "Yaya, nimefaulu. Nitaenda sekondari." Uliniangalia tu. Uso wako ulikuwa mtupu, kama wa mtu asiyenijua. Nikangoja kidogo, nikatoka. Siku chache baadaye Mama alirudi Nakivale na mwili wako.

Tangu hapo nimekuwa nikivaa sare ya shule nikiamini ulikufa na uchungu nami, kwa kuwa nafasi ile ilikuwa yako.

Leo muuguzi aliyekuhudumia Mbarara amekuja kwenye kituo chetu cha afya kufundisha usafi wa maji. Mume wake ni mwanajeshi, na Kiswahili chake ni cha kambi za jeshi. Nilimfuata akikusanya vitu vyake, nikamuuliza kama ulikuwa umenikasirikia.

"Wewe mtoto," akasema, "uso yake ilikuwa nalala kama miguu. Hata macho, sisi nafunga na plasta ndio yeye napata usingizi. Kucheka angetoa wapi?"

"Alinisikia?"

"Kusikia, nasikia yote. Wewe kutoka, macho yake nabaki kwa mlango. Mimi namuuliza, huyo ni mdogo wako? Yeye naangalia juu. Hiyo kwetu ilikuwa ndiyo."

Nimelia njia nzima hadi nyumbani. Mimi nilikuwa nangoja tabasamu, nawe labda ulikuwa unangoja niendelee kusimulia.

Mama amebadilika. Juzi mtoto wa jirani aliyetoka kuhara alianza kuyumba, na majani yalikuwa tayari motoni. Mama akaiepua sufuria mwenyewe. "Hospitali kwanza," akasema. Ilikuwa udhaifu wa njaa tu, na sasa wanawake bombani wanamwita dokta. Hajali.

Yaya, sijui kama ulifurahi. Najua tu kwamba uso wako haukuninyima kitu kwa kutaka. Basi acha nikwambie niliyopaswa kukwambia siku ile. Nilitaka kukaa dawati la mbele, na nimekaa. Napenda biolojia kuliko masomo yote, na mwalimu amesema tutaanza sura ya mishipa ya fahamu. Nitaisoma taratibu, nije nikusimulie.

Pumzika, yaya. Safari hii sitoki haraka.

Mdogo wako