Mkono Ambao Haukuvunjika

Tumu, uko? Anti Mutindi amemwakia baba hapa Matinyani, mbele ya watu wote. Mimi pia nimekasirika.

Baba alikuwa anawaonyesha wajukuu picha zake za mieleka za 1987. Akaanza kuwafundisha lugha ya siri ya wanamieleka. Eti anayelipwa ili aanguke ni "godoro". Eti mashabiki wanaoamini kila kitu ni "kondoo". KONDOO!

Anti akauliza polepole, "Na mkono wako aliouvunja Kiema ulingoni pale Kitui?"

Baba akacheka. "Ule? Ilikuwa plasta tu, dada, mkono ulikuwa mzima. Tulipanga na Kiema. Alikuwa rafiki yangu."

Plasta tu! Wiki sita anti alimlisha huyo mtu uji kwa kijiko. Wiki sita, Tumu!

Na Kiema alipoleta mbuzi wa posa, anti alimfukuza hadi barabarani. Angeolewaje na mtu aliyemvunja ndugu yake mkono? Hajaolewa hadi leo.

"Ulikuwa umekaa hapo hapo," anti akamwambia. "Ukaniangalia nikimfukuza."

Baba eti, "Siri ya ulingo haitoki nje, hata kwa mama mzazi."

Anti aliingia jikoni, akarudi na bakuli la uji na kijiko, akamsimamia.

"Fungua mdomo."

Baba akatuangalia tumtetee. Hakuna aliyeinuka. Akafungua.

Saa hii wako kwenye bakuli la pili.