Baba, Ajira Yangu Imetoka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulitulea tukijua kwamba mkubwa hapewi habari kabla ya kuamkiwa, na sidhani kama kufa kumebadili hilo. Habari yenyewe ni kwamba ajira yangu imetoka.

Unakumbuka siku niliyokuja kukwambia nimechaguliwa kusomea ualimu wa elimu maalumu, upande wa viziwi? Ulikuwa uani unapiga alizeti. Mjomba akadakia, "Watu wasiosikia, atawafundishaje?" Wewe hukuweka fimbo chini. Ukasema, "Walimu wa historia wamejaa hadi wanaendesha bodaboda. Wa viziwi ulishamwona wapi? Huyu hatakaa hata mwezi nyumbani." Mimi nikavimba kichwa.

Hesabu yako ilikuwa nzuri, Baba, ila ilikosea mahali pamoja. Kuhitajika ni kitu kimoja, kuajiriwa ni kingine. Nilikaa miaka. Mwishowe nikaenda kujitolea kwenye kitengo cha viziwi hapa jirani na Issuna, ambako watoto wa umri tofauti walikuwa wakikaa chumba kimoja bila mwalimu anayejua lugha ya alama. Ulikuwa ukinisindikiza hadi barabarani huku ukinitania, "Mwalimu wa bure, wahi, usije ukakatwa mshahara." Nilicheka. Siku nyingine iliniuma, na nadhani ulijua, maana siku hizo ulinibebea mkoba. Ulifariki nikiwa bado najitolea.

Mwaka huu nikaitwa kwenye usaili mjini Singida. Niliambiwa nifundishe somo fupi la Kiswahili, wasaili wenyewe wakiwa ndio wanafunzi. Nikapiga mguu sakafuni kwa nguvu, kama ninavyofanya darasani ili watoto wahisi mtikisiko na kunitazama, kisha nikaanza. Mikono inakwenda, midomo inacheza, sauti hakuna. Nilikuwa nimeshafika kwenye mifano ndipo mama mmoja wa jopo akaniambia, "Mwalimu, sisi tunasikia." Nilitamani ardhi ipasuke. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Nikaomba radhi, nikarudia somo kwa sauti, nikatoka nikijua nimejimaliza.

Kumbe nimepita. Ila nimepangiwa shule ya kawaida, mkoa mwingine, kufundisha Kiswahili darasa la tano. Nilimpigia simu mwalimu mkuu wa huko kumuuliza kama wana kitengo cha viziwi. Akanijibu kwa upole tu, "Hapana, mwalimu. Ila hawa wanaosikia tunao wengi mno, wewe njoo." Nisiporipoti, nafasi anapewa mwingine, nami narudi kwenye foleni.

Nimeamua kwenda. Mama anazeeka, na mimi nimechoka kuwa mwalimu wa bure. Sioni aibu kulisema hilo. Nimefurahi kuajiriwa na nina hasira, vyote kwa pamoja, na wewe ndiye uliyekuwa ukijua kukaa na mimi kimya hadi mambo ya namna hiyo yakatulia. Nimekukumbuka sana wiki hii.

Ijumaa niliwaaga watoto. Niliwaeleza kwa alama kwamba nimepata kazi, na kwamba ni mbali. Walielewa upesi kuliko nilivyotaka. Zawadi, binti mdogo kuliko wote, ambaye alipoletwa kwetu hakuwa na alama hata ya kumwita mama yake, akanyoosha mkono na kuuliza: mwalimu mwingine anakuja lini?

Alama za siku zote za wiki ninazijua, Baba, na za miezi yote. Nilisimama mbele yake na mikono yangu miwili, nikakosa ya kumwonyesha.

Pumzika, Baba. Nikishafika huko nitakuamkia tena.

Ni mimi binti yako,
mwalimu uliyemsindikiza.